Mliniita nirudishe gari, nikalirudisha: barua ya wazi kwa wakuu wa viwanda na mamlaka za usalama wa magari

Kwenu wakuu wa viwanda vya magari, hasa mnaosimamia ubora na huduma kwa wateja. Na kwenu wakurugenzi wa mamlaka za usalama wa magari.

YAH: KAZI INAYOFANYWA NDANI YA INJINI BAADA YA WITO WA KURUDISHA MAGARI

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu. Najua barua za namna hii huishia kwenye faili, ndiyo maana naiandika hadharani, wasome na wenzangu ambao funguo za magari yao ziko kaunta za mapokezi leo hii wakisubiri kuambiwa "tutakupigia".

Mimi ni mmiliki wa tatu wa gari la kasi, milango miwili, injini ndogo yenye turbo na hasira kubwa kuliko umbo lake. Nembo yake sitaitaja. Sikuja kumchafua mtu, na ninayotaka kuyasema hayachagui nembo.

Wito wenyewe, ule wa kiwanda kuita magari yaliyouzwa na kasoro yarudi kutengenezwa, haukunifikia. Barua ilitumwa kwa mtu wa kwanza kulinunua, ambaye alishaliuza zamani, na huenda bahasha imelala kwenye droo ya mtu asiyekumbuka hata rangi ya gari. Mimi nilijua kwa bahati tu. Mwenzangu mwenye gari kama langu alinipigia simu jioni moja: "Umeangalia namba ya chesisi? Ya kwangu imo." Nikachukua tochi, nikainama kwenye kona ya kioo cha mbele, nikanakili herufi na tarakimu zote 17, nikazitafuta kwenye orodha ya magari yaliyoitwa. Langu nalo limo. Nilikuwa nimeliendesha miezi saba tangu wito utangazwe, na siku nyingi mwanangu alikuwa kiti cha pembeni.

Kasoro ilikuwa kwenye kikaza cheni ya taimingi. Kwa asiyekijua: ni kidude cha ukubwa wa kidole gumba, kinasukumwa na presha ya oili, kazi yake kuhakikisha cheni inayozungusha kamshafti, mhimili unaofungua valvu, hailegei. Kikichoka, cheni inaanza kuchapa ukuta wakati wa kuwasha asubuhi. Kikichoka zaidi, cheni inaruka meno, valvu zinakutana na pistoni, na hapo hakuna tena cha kutengeneza.

Tangazo lenu lilisema kasoro hiyo "inaweza kusababisha injini kupoteza nguvu wakati gari likiendeshwa". Sentensi imepigwa pasi ikanyooka mpaka haina mtu ndani yake. Aliyeiandika hajawahi kuwa upande usio wake wa barabara, lori ubavuni, gari jingine linakuja mbele, halafu injini inyamaze. Kwenye magari mengi usukani unakuwa mzito, na breki inakupa mikanyago miwili au mitatu ya maana kabla pedali haijawa ngumu kama jiwe. Mngeandika hivyo, kwa maneno hayohayo, nina hakika hata yule mmiliki wa kwanza angenitafuta.

Lakini hilo la lugha silo lililonikalisha kuandika. Nimekaa kuandika kwa sababu ya kilichotokea baada ya kutii.

Kwanza niseme kwamba naelewa injini za namna hii zinaishi pabaya. Injini ikizunguka mara 7,200 kwa dakika, kila valvu inafunguka na kufunga mara 60 kwa sekunde moja. Ukuta wa oili unaotenganisha beringi na kranki, ule mhimili mkuu wa injini unaozunguka ndani ya beringi hizo, ni mwembamba kuliko unywele. Kosa ambalo gari la kwenda sokoni lingelibeba miaka kumi bila kulalamika, gari la kasi linalileta mezani kwa mwezi mmoja. Sidai injini isiyo na kasoro. Kasoro zimewapata wakubwa wote, na wengine walizishughulikia kwa namna ya kuheshimika.

Mwaka 2014 Porsche iligundua kwamba bolti za konrodi, mkono unaounganisha pistoni na kranki, kwenye gari lake la kasi 911 GT3 jipya zinaweza kulegea. Konrodi ikiachia inatoboa bloku, oili inamwagika kwenye joto, na magari mawili yalikuwa yameshawaka moto. Yalikuwa magari 785. Wamiliki waliambiwa wasiyaendeshe kabisa, kisha kila gari likawekewa injini nyingine. Hakuna aliyeambiwa "endelea kuendesha kwa uangalifu", kauli ambayo mimi niliambiwa kwenye simu kwa wiki sita nikisubiri kifaa kifike. Naomba mnieleze siku moja uangalifu gani unaizuia cheni kuruka.

Najua pia mtajibu kwamba magari 785 ni machache, na mna haki. Mwaka 2018 Subaru ilitangaza wito wa takriban magari 400,000 duniani, yakiwemo BRZ na mwenzake Toyota 86, kwa sababu springi za valvu zilikuwa zinaweza kuvunjika: muundo wake haukuacha nafasi ya kutosha, na chembe ndogo ya uchafu ndani ya chuma ilitosha kuanzisha ufa. Springi ni kitu cha kushika kwa vidole viwili. Lakini kwenye BRZ na 86 injini ni boksa, pistoni zimelala zikitazamana ubavuni, na vichwa vya silinda vimebanwa na kuta za chumba cha injini. Ili kuifikia springi hiyo, injini nzima inatolewa nje.

Hapo ndipo pana hoja yangu. Kifaa ni kidogo, kazi ya kukifikia ni upasuaji. Ninyi mnatangaza kifaa. Upasuaji hamuutangazi.

Siku nilipolipeleka langu kwa wakala wa kiwanda, mpokeaji alikuwa na heshima zake, akanipa kahawa, akaniambia kazi ni ya siku mbili. Kupitia mlango wa kioo nilimwona fundi aliyepewa gari langu. Kijana, mikono safi, na kando ya benchi lake kulikuwa na magari mengine matatu yakisubiri kazi ileile. Nilimuuliza mpokeaji kama fundi huyo ameshawahi kuifungua injini hii. Akasema wote wamepata mafunzo. Sikumuuliza zaidi, na najilaumu kidogo.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana mnaosaini karatasi huenda hamjawahi kuiona kazi yenyewe. Mfuniko wa mbele wa injini, ule unaoficha cheni, haukai juu ya gasketi ya kawaida. Unafungwa kwa silikoni inayobinywa kutoka kwenye mrija, uzi mmoja mwembamba unaozunguka ukingo wote bila kukatika. Kabla ya kuupaka, silikoni ya zamani lazima ikwanguliwe yote, chuma kisafishwe kisibaki na mafuta. Uzi ukiwa mwembamba mno, oili itavuja, na mteja atarudi wiki ijayo akilalamika tone sakafuni. Ukiwa mnene mno, bolti zikikazwa silikoni inabinyika pande mbili. Ile ya nje fundi anaiona, anaifuta kwa kidole, mambo safi. Ile ya ndani haionekani na mtu. Inakauka pale ndani, na siku ikibanduka inaanguka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini.

Fundi anayeogopa kuvuja ataweka nyingi. Mimi simlaumu kwa hofu hiyo. Kwenye gereji nyingi za mawakala fundi analipwa kwa saa zilizoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda, akichukua muda zaidi ni hasara yake. Mkimwandikia saa chache za kukwangua ukingo wenye kona ishirini, ninyi ndio mliochagua atakwangua vipi.

Gari nililipokea siku ya tatu, limeoshwa, limepulizwa manukato. Karatasi ilikuwa na mstari mmoja: kikaza cheni kimebadilishwa kulingana na wito, gari limejaribiwa, sawa. Hakuna jina la fundi wala vipimo vya kukazia bolti. Hata kama oili ilibadilishwa au ilirudishwa ileile, karatasi haikusema.

Kilomita 900 baadaye, kwenye kona ndefu ya kulia, ile taa nyekundu yenye umbo la birika linalodondosha tone iliwaka. Ikazimika kona ilipoisha. Sekunde moja, labda mbili. Nilisimama pembeni, nikapima oili kwa kijiti: imejaa sawasawa. Nikawasha, kimya, hakuna taa. Mtu mwingine angeendelea na safari, na nina uhakika wapo walioendelea.

Sikurudi kwa wakala. Niliagiza gari la kuvuta, nikalipeleka kwa fundi mmoja mzee ambaye hana mlango wa kioo. Akalisikiliza likiwa limewashwa, ameinamisha kichwa kama anayesikiliza mgonjwa, kisha akaniuliza:

"Hii injini nani kaifungua?"

"Wenyewe, mzee."

"Wenyewe nani?"

"Wenye gari. Kiwanda kiliita."

Akaguna tu. Akamwaga oili, akafungua bolti za sampu moja moja, akaishusha. Kisha akanipa tochi, akaniambia nitazame mwenyewe, maana hataki baadaye niseme amenidanganya. Kwenye mdomo wa kunyonyea oili kuna chujio la waya, na nusu ya waya ule ilikuwa imefunikwa na nyuzi za kijivu zilizojikunja kama minyoo. Alizitoa kwa kibanio, moja moja, akaziweka kwenye chupa ndogo ya kioo. Zilikuwa vipande 11. Kirefu kuliko vyote kilikuwa na alama ya ukingo wa mfuniko upande mmoja, laini kama kilichomwagwa kwenye kalibu. Halafu akafungua vifuniko vya konrodi. Beringi mbili zilikuwa zimeanza kuonyesha shaba, yaani tabaka la juu limeshalika.

"Ungeenda wiki mbili nyingine ingenoki," alisema, akarudi kwenye chai yake.

Pampu ya oili inanyonya kupitia tundu hilo moja. Ukiliziba nusu, kwenye mwendo wa taratibu hutajua kitu. Ukiikamua injini, na oili imekimbilia upande mmoja kwa sababu ya kona, hapo beringi zinakosa. Kwa maneno mengine, gari lililoitwa ili injini isife njiani lilirudishwa kwangu likiwa limepandikizwa njia nyingine ya kufa njiani, na hii haina tangazo.

Niliwaandikia. Nikaambatisha picha. Jibu lilikuja baada ya siku 19, na nalifupisha bila kuliongezea chumvi: wito unahusu kikaza cheni, na kikaza cheni kinafanya kazi vizuri, uchakavu wa beringi unaendana na namna ya uendeshaji, kompyuta ya injini inaonyesha imewahi kufikishwa mizunguko ya juu mara kwa mara, kwa kuwa injini imefunguliwa na fundi wa nje, suala haliwezi kuzingatiwa.

Hiyo ya mizunguko ilinichekesha kwanza, ikaniudhi baadaye. Mstari mwekundu kwenye saa ya mizunguko mliuchora ninyi. Matangazo yenu yanaonyesha gari hilihili likikata kona huku matairi yanalia. Mkiliuza ni simba, likiugua mnauliza nani alilichokoza. Sijawahi kuipita alama mliyoiweka, na kompyuta hiyohiyo mnayoinukuu inalijua hilo. Wenye magari ya kasi tumezoea kutazamwa kama watuhumiwa kila tunapofika kaunta, lakini silikoni haiingii kwenye sampu kwa kukanyaga mafuta. Inaingizwa na mkono.

Mwaka 2024 Toyota iliita takriban magari 102,000, pikapu za Tundra na Lexus LX, kwa sababu mabaki ya kuchonga chuma yangeweza kuwa yamebaki ndani ya injini kiwandani na kuharibu beringi za kranki. Uamuzi ukawa kubadilisha injini. Hakuna aliyeuliza wamiliki waliendeshaje. Sasa mniambie tofauti. Uchafu uliosahauliwa na kiwanda ndani ya injini ni kasoro ya usalama; uchafu uliosahauliwa na gereji iliyotumwa na kiwanda hicho ndani ya injini hiyohiyo ni tatizo la mteja? Beringi haijui nani kaacha uchafu.

Kwenu wa mamlaka. Ninawaheshimu kuliko mnavyodhani, kwa sababu bila ninyi wito wenyewe usingekuwepo. Marekani ina sheria ya usalama wa magari tangu 1966. Huko kiwanda kikishaamua kwamba kuna kasoro ya usalama kina siku tano za kazi kuijulisha mamlaka, NHTSA, na siku 60 kuwaarifu wamiliki, na matengenezo ni bure kwa gari lisilozidi miaka 15. Umoja wa Ulaya nao, kwa kanuni yake ya 2018/858 iliyoanza kutumika Septemba 2020, umezipa mamlaka nguvu ya kukagua magari ambayo tayari yako sokoni. Hayo ni mazuri, na nchi nyingi huiga humo.

Ila angalieni mnachohesabu. Ripoti za kila robo mwaka zinazotakiwa huko Marekani zinasema magari mangapi yameshafanyiwa kazi. Gari langu lipo kwenye hesabu kama hiyo: limekamilika. Liliingia kwenye asilimia yenu likiwa na vipande 11 vya silikoni kwenye koo. Hamna safu ya magari yaliyorudi baada ya kukamilika, yaliyorudi na nini, na ndani ya kilomita ngapi. Uchunguzi wa kupima kama tiba ilitosha upo, lakini huanza malalamiko yakishakuwa lundo, na lundo la magari ya kasi huchelewa kujaa kwa sababu sisi ni wachache. Mtu mmoja mwenye chupa ya vipande vya silikoni si lundo.

Ninachoomba si kigumu. Wito wowote unaolazimu injini kufunguliwa uwe na karatasi yake ya kazi, na mwenye gari apewe nakala: nani kafungua, bolti zimekazwa kwa kipimo gani, silikoni gani imetumika, imeachwa ikauke muda gani kabla ya oili kumiminwa, na picha ya ukingo kabla mfuniko haujarudi. Simu za kupiga picha kila fundi anazo mfukoni. Baada ya kilomita 1,000 gari liitwe tena, oili imwagwe, filta ikatwe itazamwe, na mdomo wa kunyonyea oili uchunguliwe kwa kamera ya waya ile nyembamba. Ni kazi ndogo, haifiki hata robo ya ile ya kwanza. Kisha dhamana: mkifungua injini, dhamana iwe ya injini mliyoifungua, si ya kidole gumba mlichokibadilisha. Na saa za fundi zikadiriwe na mtu aliyewahi kukwangua ukingo huo mwenyewe, siyo na mtu wa mahesabu.

Kuhusu kuwapata wamiliki wa pili na wa tatu, na magari yaliyovuka mipaka, sitarefusha. Gari lina namba moja toka linazaliwa hadi linakatwa chuma chakavu. Kila linapofanyiwa usajili, bima au ukaguzi, kuna mtu anaiandika namba hiyo mahali. Mamlaka mnazungumza na ofisi hizo kila siku kwa mambo ya kodi. Zungumzeni nazo na kwa hili.

Mtasema gharama. Mwaka 2025 General Motors iliita magari 721,000 yenye injini ya V8 ya lita 6.2 kwa kasoro za kranki na konrodi. Injini zilizofeli ukaguzi zilipangiwa kutengenezwa au kubadilishwa, na zilizofaulu zikapewa oili nzito zaidi, filta mpya, na mfuniko mpya wa oili wenye maandishi ya oili hiyo. Wapo wamiliki walioucheka mfuniko huo, na sishangai. Lakini mimi niliutazama kwa jicho jingine: kumbe mnaweza kukumbuka hata kifuniko, ili fundi wa miaka mitano ijayo asikosee. Kama kifuniko kinaweza kubeba kumbukumbu ya wito, karatasi yangu nayo ingeweza kuzidi mstari mmoja.

Gari langu linatembea sasa. Beringi mpya, sampu imefungwa kwa uzi mwembamba wa silikoni ambao mzee aliupaka akiwa ameshika pumzi, na kabla ya kulifunga alinionyesha kila kitu kwa tochi ileile. Gharama nimezibeba mwenyewe na risiti ninazo. Malalamiko yangu mnayo, tarehe mnazo. Kwenye ripoti yenu bado limeandikwa limekamilika, na naomba mlifute hapo mpaka mtu wenu alitazame.

Vile vipande 11 viko mezani kwangu ninapoandika, kwenye chupa yao. Mkiniita tena, nitakuja navyo.

Wenu,
Mmiliki wa tatu